Ukweli wa Mnunuzi: Funzo Kutoka Safari ya China

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Aliyehalalisha biashara na Akaharamisha riba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyefanya biashara kabla ya kupewa utume, na watu wake wakamwita Mwaminifu. Amma baad.

Ndugu msomaji, tunapozungumza juu ya uaminifu sokoni, aghlabu macho yetu humwelekea muuzaji. Tunauliza: Je, mizani yake ni sawa? Je, ameificha ila ya bidhaa yake? Je, ameapa kwa uongo ili auze? Maswali haya ni ya haki, na Mtume (S.A.W.) ametufunza kuyauliza pale alipotia mkono wake katika chungu ya nafaka sokoni, akakuta umajimaji chini yake, akamkemea mwenyewe kwa kuuficha na watu.

Lakini lipo swali jingine ambalo halisikiki sana, nalo ni hili: mnunuzi naye ana amana gani? Mtu amekishika kitu, amekiona kuwa ni kizuri, na moyo wake umekwisha kukitaka. Kisha anasema kwa ulimi wake, "Hiki hakifai," ili apunguziwe bei. Je, huo ni werevu wa soko, au ni uongo kama uongo mwingine?

Sheikh na udi

Jawabu la swali hili tunalikuta katika sira ya mmoja wa wanavyuoni wetu wa mwanzo, Sheikh Abu Ubayda Abdullah bin Al-Qasim, Mwenyezi Mungu Amrehemu. Alikuwa mtu wa Bisya, karibu na Bahla, katika Oman ya ndani, na aliishi katika karne ya 2 Hijria, yaani karne ya 8 Miladi. Wanavyuoni humwita Abu Ubayda Mdogo, ili asichanganywe na Abu Ubayda Muslim bin Abi Karima, imamu mkubwa wa Basra. Alikuwa mwanachuoni, na alikuwa mfanyabiashara wa udi aliyesafiri mpaka China.

Bandari iliyokuwa ikipokea merikebu za Waislamu huko zama zile ni Khanfu, ambayo leo inaitwa Guangzhou. Ili tujue safari hiyo ilikuwa na uzito gani, tuitazame merikebu "Sohar" iliyoundwa Sur kwa mtindo wa kale, mbao zake zikashonwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari, kama ilivyokuwa mitepe ya Lamu. Iliondoka Maskati mwezi wa Novemba 1980, na haikufika Guangzhou ila mwezi wa Julai 1981. Watoto wetu wameiona ikiwa imewekwa kwenye mzunguko wa barabara karibu na Al-Bustan. Basi mtu aliyetoka Oman kwenda China alitoa miezi mingi ya umri wake kwa kwenda tu, na akaihatarisha roho yake pamoja na rasilimali yake.

Vitabu vya sira vimesimulia kwamba Sheikh huyu alishirikiana na wenzake katika kununua udi. Akawasikia wenzake wakiutia ila ule udi mbele ya mwenyewe ili wapunguziwe. Na walipokwisha kuununua, wakageuka wakausifu. Sheikh alilistaajabu jambo hilo, akataka arejeshewe rasilimali yake, akajitoa katika ushirika ule.

Habari yenyewe ni fupi, wala haina muujiza ndani yake. Hakuna aliyeibiwa, na mizani haikuchezewa. Udi ulikuwa udi, na fedha zilikuwa fedha. Hata hivyo Sheikh aliona kuwa faida itakayotoka katika mali ile haimfai. Basi na tuitazame sababu yake.

Ila isiyoacha alama

Mwenyezi Mungu Ametusimulia katika Sura Al-A'raf namna Nabii Shuaib (A.S.) alivyowaonya watu wa Madyan. Aliwaamrisha watimize vipimo na mizani, na juu ya hayo akawakataza kuwapunguzia watu vitu vyao. Imamu Al-Qurtubi amefafanua kwamba kupunguza huku kunaingia hata katika kuitia bidhaa kasoro na kuwafanya watu wasiipende. Tazama, ndugu yangu, jinsi amri hii ilivyo pana. Anayepunguza kibaba na anayepunguza thamani kwa ulimi wote wawili wamepunguza, na tofauti yao ni kuwa mmoja ametumia mkono na mwingine ametumia maneno.

Tena huyu wa pili ana hatari zaidi kwa upande mmoja. Kibaba kilichopunguzwa kinaweza kupimwa tena. Kitabu cha habari za China na India kilichoandikwa mwaka 237 Hijria (851 Miladi) kinaeleza kwamba Khanfu palikuwa na kadhi Mwislamu aliyewekwa kwa idhini ya mfalme wa China, akihukumu baina ya Waislamu na kuwasalisha Idi, na wafanyabiashara wa Iraq hawakuzikataa hukumu zake. Kadhi kama huyo angeweza kuletewa mizani mbovu akaiona kwa macho yake. Lakini angeletewa nini kwa mtu aliyesema "udi huu ni duni" hali ya kuwa moyoni anajua ni mzuri? Neno limekwisha kupita, na udi haukubaki na alama. Dhuluma ya namna hii haina shahidi isipokuwa Mwenyezi Mungu na nafsi ya msemaji. Kwa hivyo hakuna kinachoizuia ila ucha Mungu, na hapo ndipo unapojulikana ucha Mungu wa mtu.

Shubha tatu na majibu yake

Huenda mtu akasema: "Kupatana bei ni halali, na kila muuzaji anajua kuwa mnunuzi atatoa kasoro. Huo ni mchezo wa soko." Tunajibu: ni kweli kuwa kupatana bei ni halali. Una haki ya kusema, "Mimi nitatoa kiasi hiki," au "Bei hii imenizidi," au ukaondoka zako. Ukiona ila ya kweli, una haki ya kuitaja. Lakini kubuni ila isiyokuwepo ni kutoa habari ya uongo. Mtume (S.A.W.) ameruhusu maneno ya namna hiyo mahali pachache panapojulikana, kama vitani na katika kuwasuluhisha waliogombana, na soko halimo. Isitoshe, si kila muuzaji anaujua mchezo huo. Yupo mjane anayeuza bangili zake kwa dhiki, na yupo mkulima aliyeleta tende zake kwa mara ya kwanza. Hao wanamsadiki mnunuzi, na wao ndio wanaoumia.

Wengine husema: "Sheikh hakusema neno, waliosema ni wenzake." Jawabu lake ni kwamba mshirika hununua kwa niaba ya mshirika mwenziwe. Akiipokea faida iliyoletwa na ulimi wa mwenzake, atasemaje kuwa ulimi ule haumhusu? Katika mafunzo ya wanavyuoni wetu imani ni kauli na vitendo, wala haitoshi mtu kuchukia moyoni huku mkono wake umenyooshwa kupokea. Sheikh hakuwapiga wenzake wala hakuwatangaza. Alidai kilicho chake tu, akaiacha faida. Aliyajua hayo maovu, akajitenga nayo, na akaikubali hasara iliyofuatia. Hayo ni mambo matatu, na wengi wetu huishia kwenye la kwanza.

Shubha ya tatu ndiyo mbaya kupita zote, nayo ni kusema: "Muuzaji mwenyewe si Mwislamu, tena ni mgeni asiyeijua lugha yetu." Mwenyezi Mungu Amewalaumu katika Sura Aali Imran watu waliodai kwamba hawana lawama kwa mali za wasiokuwa wa dini yao. Na katika maonyo ya Nabii Shuaib (A.S.) limetumika neno "watu", halikutumika neno la waumini peke yao. Kumbukumbu za Wachina za karne ya 11 zinamtaja mtu wa Suhar, ambaye Waomani humwita Sheikh Abdullah, aliyepewa cheo na mfalme wa China na akawa mkuu wa wageni wa Guangzhou. Mgeni hupewa daraja kama hiyo na watu waliokwisha kuwazoea wenzake vizazi kwa vizazi. Basi kila msafiri hubeba jina la wote watakaomfuata, akalisafisha au akalichafua.

Daraja iliyo juu zaidi

Masahaba walikwenda mbali zaidi ya hapo. Jarir bin Abdullah Al-Bajali (R.A.) alikuwa amempa Mtume (S.A.W.) ahadi ya kumtakia kheri kila Mwislamu. Siku moja alinunuliwa farasi kwa dirham 300. Alipomwona, akamwambia mwenye farasi kuwa farasi wake anastahiki zaidi, akaendelea kumwongezea mpaka ikafika dirham 800. Hiyo ni daraja ya ihsani, na si kila mtu ataiweza. Lakini aliyeshindwa kupanda mpaka kwa Jarir asishuke chini ya Abu Ubayda. Kama huwezi kumwambia muuzaji kuwa mali yake ni bora kuliko anavyodhani, angalau usimwambie kuwa ni mbovu.

Nasi na nyumba zetu

Leo safari ya Guangzhou si ya miezi tena, ni ya saa chache. Ndugu zetu wa Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa, Dubai na Maskati wanakwenda huko kununua nguo, vigae na vipuri, na Ijumaa wanasali pamoja katika misikiti ya mji ule. Wengine hawasafiri kabisa. Huagiza kwa simu. Na katika simu hiyo mtu hupokea mzigo ulio salama, kisha akaandika kuwa umefika na kasoro, ili arejeshewe sehemu ya fedha zake. Hilo ni lile lile la udi, isipokuwa limevaa nguo mpya.

Tena halikomei kwa wafanyabiashara. Mama anayemwambia fundi cherehani kuwa mshono wake ni mbaya, kisha akaenda kujifaharisha nao harusini, ameingia humo. Na baba anayeidharau kazi ya mtumishi wa nyumbani mwisho wa mwezi ili asimwongezee mshahara, hali ya kuwa kwa wageni wake humsifu, naye ameingia humo, na jambo lake ni zito zaidi, kwani aliyempunguzia hana pa kwenda. Kazi ya mtu ni kitu chake, na tumekatazwa kuwapunguzia watu vitu vyao.

Wahenga wamesema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnunuzi mwongo hukifanya chema kionekane kibaya, na mtoto wake amesimama pembeni anasikiliza. Mtoto huyo amemsikia babake dukani akisema "hakifai", na amemsikia garini akisema "tumepata kitu kizuri kwa bei ya bure". Hahitaji mwalimu wa kumfundisha uongo. Amekwisha kufundishwa baina ya mlango wa duka na mlango wa gari. Na lau angemsikia babake akisema, "Ni kizuri, lakini fedha yangu haifiki hapo," angejifunza katika neno moja ukweli, unyenyekevu na kukinai.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu Azitakase ndimi zetu tunapouza na tunaponunua, Atubarikie katika kichache cha halali, Atuepushe na kingi chenye shubha, na Awarehemu wanavyuoni wetu waliotufunza kwa vitendo vyao kabla ya maneno yao. Amin.