Mzee na Kazi Asiyojua Kama Ataimaliza

Tangu zamani za wababu wetu, katika lubunga, mzee anajulikana kwa neno lake. Kijana anatega nyavu, anapasua mbao, anabeba mizigo. Mzee anasikiliza, kisha anakata shauri. Ndiyo sababu tunasema: penye wazee haliharibiki neno. Lakini tunajiuliza: mzee aliyekwisha kustaafu, akishika tena nyundo na kuanza kazi kubwa ambayo pengine hataimaliza, je, anashusha heshima yake ao anaiongeza?

Tuchukue mfano wa mbali. Huko Marekani wako wazee wengi ambao, wakiisha kuacha kazi, wanaanza kuunda ndege nyumbani. Si mchezo wa watoto: ni ndege ya kweli, yenye motere, ya kubeba mtu mmoja ao wawili. Wana chama chao, Experimental Aircraft Association, kilichoanzishwa mwaka 1953 na Paul Poberezny huko Milwaukee. Wengine wananunua vipande ndani ya masanduku, wengine wanachonga karibu kila kitu. Kazi inaweza kula miaka mitano, hata kumi, na kuna wanaokufa mbele ya kuimaliza.

Karibu na sisi, huko Kenya, Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta, alijulikana katika magazeti miaka ya 2010 juu ya ndege alizounda nyumbani, akijaribu na kujaribu tena. Na ziwa letu lenyewe si geni kwa jambo hili: mwaka 1916, wakati wa vita, ndege za Wabelgiji za kutua majini zilifika Tanganyika zikiwa vipande. Zikaunganishwa ufukweni, upande wa Kalemie, ndipo zikaruka kwenda kupiga Kigoma.

Wengine watasema: mzee wa namna hiyo anakula mali ya wajukuu. Neno hilo lina uzito, zaidi kwetu ambako mtumishi wa serikali anaweza kungojea pesa ya kustaafu miaka na miaka. Kama mtoto anafukuzwa masomo juu ya minervale, na babu yake ananunua misumari ya kufurahisha moyo wake, hapo hakuna mabishano: babu amekosa.

Lakini tusimhukumu juu ya kuanza tu. Huku Lusenda, na mwambao wote mpaka Baraka, hatuundi ndege, tunaunda mitumbwi ya mbao. Fundi mzee, mkono wake umechoka kupiga randa, lakini jicho lake linajua ubao upi utapasuka. Ujuzi huo hauelezeki wote kwa maneno, hata akikaa lubungani kutwa. Unapita kwa mkono. Kijana anayeshika upande wa pili wa msumeno, huyo ndiye anayerithi. Na mzee akifa, mtumbwi hautabaki nusu. Basi ulizo si kama ataimaliza kazi. Ulizo ni: anaifanya pamoja na nani?

Kuna sharti lingine, na hili tunalichukua kwa wale wa Marekani. Sheria yao inadai kwamba sehemu kubwa ya ndege iundwe na wenyewe, kwa kujifunza ao kwa kujifurahisha. Kuilipisha watu safari, hapana. Kwa kawaida saa 25 ao 40 za kwanza inaruka bila abiria. Na ndani kunabandikwa onyo, ili kila anayepanda ajue kwamba chombo hiki hakikufuata kanuni za zile ndege za kawaida.

Tulitazame onyo hilo vizuri. Katika ziwa letu tumelilia watu waliopanda mitumbwi iliyojaa kupita kiasi, na mwenye chombo alijua hali ya mbao zake, akanyamaza. Mzee ana haki ya kuhatarisha mwili wake mwenyewe. Mwili wa mtu asiyeambiwa kitu si mali yake, hata kama chombo ni chake.

Kwa hiyo tunawaomba wazee wetu: msiogope kuanza, ila kwanza mlipe deni la nyumbani, muite kijana karibu, na mseme kweli kwa atakayepanda. Nanyi vijana, mkimkuta mzee na mbao zake nyuma ya nyumba, msimcheke. Mshikeni ubao ule upande wa pili.