Nyumba Bila Ardhi

"Kama nyumba ni yako, ibebe uende nayo." Maneno hayo aliambiwa shangazi yangu mlangoni pake, Kisauni, Mombasa, na ajenti wa mwenye ardhi, aliyekuja kusema kodi ya kiwanja imepanda mara tatu. Shangazi alimkaribisha maji. Aliyekosa usingizi ni mimi.

Kumiliki, watuambia wanasheria, ni kuwa na haki ya kukitumia kitu, kukiuza na kumzuia mwingine. Haya, na iwe hivyo. Ila Mombasa kuna nyumba bila ardhi: kuta umezijenga wewe, waweza kuziuza na kuwarithisha wanao, na mchanga ulio chini yake ni wa mtu mwingine, umlipaye kila mwezi. Sheria ya Kiingereza hulihesabu jengo kuwa ni sehemu ya ardhi. Desturi ya mwambao, yenye mizizi katika sheria ya Kiislamu, iliruhusu viwili hivyo viwe na wenyewe wawili.

Turudi kwa huyo wa "ibebe". Abebe nini? Mabati yatang'oka, na milango, na boriti zisizoliwa na mchwa. Nyumba ya shangazi ilianza kwa fito na udongo, ikaezekwa makuti; matofali yalikuja baadaye, chumba kimoja kimoja, kila zamu yake ya mchezo wa pesa ilipofika. Je, kizingiti kilichochimbika kwa nyayo kinabebwa vipi? Na kondo za wanawe wanne, zilizozikwa chini ya mpapai uani? Hoja hii yanichoma kwa sababu inajifanya ni mantiki, kumbe ni dhihaka: mali ni kile tu unachoweza kukimbia nacho. Basi na mwenye ardhi aibebe ardhi yake! Hawezi, ila haambiwi, kwa kuwa yeye ana karatasi. Karatasi za pwani nyingi zatokana na sheria ya mwaka 1908, iliyowataka watu wajitokeze kudai ardhi zao. Isiyodaiwa ikawa ya Serikali ya Uingereza. Aliyejua kuandika madai alipata. Aliyekuwa shambani akilima, akidhani kulima kwenyewe ndiko kudai, akawa mgeni papo hapo alipo. Huyu mwenye ardhi wetu sijapata kumwona, wala shangazi hajamwona. Twamjua kwa muhuri.

Kwamba naye huenda alirithi kwa haki, na kwamba kodi ya zamani haikutosha hata nauli ya matatu hadi Ferry, ni kweli.

Lakini nasumbuliwa zaidi na lugha. "Kumiliki" tumelipata kwa Waarabu. Sisi wenyewe twasema "nina nyumba": niko pamoja na nyumba, kama vile nina mgeni, nina homa, nina njaa. Homa siimiliki. Na "mwenye nyumba" kwa mpangaji ni mdai kodi, ilhali mzee akibisha hodi huuliza, "Wenyewe wapo?" akiwataka wote waliomo ndani, wapangaji pia. Na hakuna aulizwaye kwao akajibu kwa umoja. Hata mtu aishiye peke yake husema "kwetu". Sijui mahakama ingelipima vipi neno hilo, wala kama lafaa kupimwa.

Shangazi amelipa nusu ya kodi mpya. Risiti aliyopewa imeandikwa jina la mumewe, aliyefariki mwaka 2011.