Paa Livujalo Ni la Nani?

Katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, bati likivuja juu ya kitanda cha mmoja, je, watano walio pakavu wana wajibu gani? Wengi hujibu: “Chumba ni chake, na taabu ni yake.” Neno hilo halina haki. Maji yapenyayo penye tundu la msumari hufuata mteremko wa boriti, yakadondoka mbali na mahali yalipoingilia; yumkini tundu liko juu ya chumba kikavu. Tena boriti ikioza, hasara ni ya nyumba nzima.

Wala hatumwondolei mwenye nyumba wajibu wake. Apokeaye kodi kila mwezi ana deni la paa zima. Kuliziba wakati wa kiangazi, kabla ya masika yaanzayo Machi, si hisani. Lakini mpangaji adaiye peke yake ni rahisi kutishwa kwamba atahamishwa. Sita wakidai kwa sauti moja, ni vigumu kuwapuuza. Basi anyamazaye kwa kuwa yeye halowi, amemsaidia mdhulumu. Wahenga walituonya tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Hawakusema tungoje ufa ufike chumbani mwetu.