Kasha Lililorudi



Katika parokia moja tuliyopata kuitumikia alikuwako mama mjane, mtu wa sala, ambaye hakukosa Misa ya asubuhi hata wakati wa masika. Mwanawe wa pekee alikwenda kutafuta kazi katika mji wa mbali, na huko akaanza kukaa na binti mmoja pasipo kufunga ndoa ya Kanisa. Mama alipopata habari alikasirika, na katika hasira yake alisema maneno mazito kwa simu. Kijana naye akajibu. Tangu siku ile hapakuwa na simu wala salamu kati yao.

Ulipokwisha kupita mwaka, majirani wakamletea mama habari kwamba amepata mjukuu. Basi moyo wake ukalainika, kama ilivyo desturi ya mioyo ya mabibi. Alinunua kitenge, akafuma sweta na kofia ya mtoto mchanga, akatia rozari na karanga kidogo, akavifunga vyote katika kasha, akaenda posta. Barua hakuandika. Alituambia baadaye kwamba alitaka kasha liseme kwanza.

Katika juma la tano aliitwa posta, akakuta kasha ni lake mwenyewe.

“Amenirudishia,” ndivyo alivyotuambia, akilia. Liangalieni neno hilo, wasomaji. Kwamba kasha lilirudi ni kweli, maana lilikuwa pale mezani. Lakini mama hakusema “limerudi”. Alisema “amenirudishia”, na kwa silabi zile chache alikuwa amekwisha kumhukumu mwanawe pasipo shahidi. Nasi, yatupasa kukiri, tuliipigia hukumu ile muhuri. Hatukuomba hata kuliona kasha. Tulimwambia auchukue msalaba wake, amwombee kijana, asamehe tusi lile. Tukamwambia hivyo mara tatu au nne. Tena Jumapili moja, bila kutaja jina, tulimfanya kijana yule kuwa mfano katika mahubiri juu ya watoto wasio na shukrani. Watu walitikisa vichwa kwa huzuni, na baada ya Misa wazee wawili walikuja kutupongeza.

Kasha lilikaa juu ya kabati miezi kumi na mmoja. Kwaresima ilipofika, mama akalileta parokiani ili vitu vile wapewe maskini. Katekista wetu, ambaye kila juma huenda posta kuchukua barua za parokia, alilipokea, akaligeuza mikononi, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Mama, kasha hili ulilipata wapi?” Mama akajibu kwamba ni lile lile ambalo mwanawe alimpelekea zamani, kabla ya ugomvi, lenye viatu na shuka. Hakutaka kulitupa.

Basi upande mmoja wa kasha ilikuwa ingali imebandikwa karatasi ya zamani, yenye jina la mama na namba ya sanduku lake la posta, kwa herufi kubwa za chapa. Anwani ya kijana aliiandika mama upande wa pili, kwa kalamu, kwa herufi zake ndogo. Mahali fulani njiani jicho la karani, au la mtambo, lilisoma karatasi ya zamani, likatii. Kijana hakukataa kitu, kwa maana hakuletewa kitu.

Hapa tungependa kusema machache juu ya posta zenyewe, kwani wengi wetu twazitumia bila kujua desturi zake. Mwaka 1874 mataifa yalikutana katika mji wa Bern, Uswisi, yakafanya mapatano ambayo ndiyo mwanzo wa Umoja wa Posta Duniani. Kwa kanuni zake, kitu kisichoweza kumfikia mtu wake hurudishwa kikiwa na alama ya kuonyesha sababu: hajulikani, amehama, hakuja kuchukua, anwani haitoshi, au amekataa. Kukataa ni sababu moja kati ya hizo tu, tena huandikwa wazi. Kasha la mama yule halikuwa na alama yo yote. Miezi kumi na mmoja lilikuwa likishuhudia kwamba kijana hana hatia, na hakuna aliyeligeuza.

Kanuni nyingine ya Umoja huo ilitugusa sana tulipoijua. Kitu kilichotiwa posta huhesabiwa kuwa mali ya mpelekaji mpaka kimkabidhiwe mwenye haki ya kukipokea, isipokuwa kimekamatwa kwa sheria ya nchi. Maana yake, zawadi iliyo njiani ingali juu yako. Hujaitoa bado. Ikipotea au ikirudi, ni wewe unayetakiwa kuifuatia, wala si yeye ambaye hajui hata kwamba ilianza safari.

Kwa hiyo, mnapotumia kasha lililokwisha kusafiri, bandueni karatasi zote za zamani, pamoja na vile vistari vyeusi ambavyo mitambo huvisoma. Jina la mpelekewa na liwe kubwa kuliko la mpelekaji. Wekeni anwani zote mbili ndani pia. Wala msisahau jina la mji, maana namba moja ya sanduku la posta yaweza kuwapo katika miji mingi. Na sisi mapadre tusijidhanie watakatifu katika jambo hili: jamaa wengi hupokea barua zao kwa sanduku la parokia, na tulipopekua kabati la ofisi yetu baada ya mkasa huu, tulikuta bahasha za watu waliohama kigango, nyingine zimeanza kuliwa na mende. Ni nani ajuaye ni mama gani aliyekaa akisema, “Hakunijibu.”

Kitabu cha Mwanzo chatusimulia kwamba Nuhu alimtoa njiwa safinani, naye njiwa akarudi. Alirudi kwa sababu hakupata mahali pa kutua, maji yalikuwa yangali yamefunika nchi. Nuhu hakusema kwamba nchi imemkataa. Alimwingiza njiwa ndani, akangoja siku saba, akamtuma tena, na jioni ile akarudi na jani la mzeituni. Twafikiri juu ya siku saba zile. Mama yetu alingoja miezi kumi na mmoja, na hakuwa akingoja. Alikuwa amekwisha kufunga shauri. Na kule mjini, kama tulivyopata kujua baadaye, kijana naye alikuwa akihesabu miezi, akimwambia mwenzake kwamba mama hakuleta hata salamu kwa mtoto.

Hatusemi kwamba kosa la kijana lilikuwa dogo. Ndoa ni Sakramenti, na mzazi asiyemrudi mwanawe hampendi. Lakini alihukumiwa kwa kosa la pili asilolitenda, na la pili ndilo lililomfunga mama mdomo hata asiweze kusema naye juu ya lile la kwanza. Ndivyo ilivyo katika nyumba nyingi za Wakristo wetu. Ndugu hakuja mazishini, na hakuna aliyeuliza kama habari zilimfikia. Fedha zilizotumwa kwa simu zikarudi kwa sababu ya tarakimu moja, ikasemwa kwamba shemeji ana majivuno. Bwana Wetu alituamuru, tukumbukapo madhabahuni kwamba ndugu ana neno juu yetu, tuiache sadaka pale pale, tuende kwake. Alisema twende. Hakutaja kumpelekea mtu mwingine.

Mama yule alipokwisha kuelewa alikaa kimya katika benchi la ofisi yetu kwa muda mrefu. Nasi tulimwomba radhi, kwa kuwa ilitupasa. Tukataka kumtafutia kasha jipya, lakini alikataa, akasema kwamba safari hii atavipeleka kwa mkono wake, na basi huondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kitenge na rozari vilikuwa vizima. Karanga zilikuwa zimeharibika. Sweta na kofia alizishika, akazitazama, akaziweka mezani petu kwa ajili ya mtoto mwingine, maana mjukuu alikuwa amekwisha kuzipita. Usiku ule, kama alivyotuambia katekista aliye jirani yake, taa haikuzimwa. Alikuwa akifuma sweta jingine, akikisia urefu wa mikono ya mtoto ambaye hajapata kumwona.