Tabibu wa Sukari: Neno la Nani Lisadikiwe?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, kila uingiapo mwezi wa Shaabani sisi walimu wa vyuo hapa Kibiti huletewa swali moja. Mtu ana maradhi ya sukari. Daktari mmoja amemwambia asifunge kabisa, mwingine kamwambia afunge tu, na mganga wa tatu kamuuzia chupa ya mizizi na kumwahidi kuwa baada ya siku arubaini atakuwa mzima. Anauliza: "Sheikh, nimfuate yupi?" Yeye hudhani ameuliza habari ya saumu. Kwa hakika ameuliza jambo lililo kabla ya saumu: je, katika habari za mwili wangu, neno la nani ni la kusadikiwa? Hilo ndilo tutakalolizungumza leo.

Wako wasemao kwamba kumchagua tabibu ni kukosa tawakuli, kwa kuwa mponyaji ni Mungu, basi tabibu yeyote ni sawa. Kwamba mponyaji ni Mungu ni kweli isiyo na shaka. Lakini hilo la pili halifuati la kwanza. Imamu Malik amepokea katika Muwatta kwamba zama za Mtume (S.A.W.) mtu mmoja alijeruhiwa, wakaitwa watu wawili wa Banu Anmar waje wamtazame. Mtume akawauliza ni yupi kati yao aliye hodari zaidi katika utabibu. Tazama, msomaji, hakusema kuwa wote ni sawa, na hakuna aliyemzidi kwa tawakuli.

Basi tumpime kwa mizani gani? Katika Suratul Qasas twasoma habari ya binti wa yule mzee wa Madyan, alipomshauri baba yake amwajiri Nabii Musa (A.S.). Alitaja sifa mbili tu: nguvu na uaminifu. Nguvu ya mchunga ni mikono yake, na nguvu ya tabibu ni elimu yake. Mwenye elimu asiye mwaminifu atakuibia, na mwaminifu asiye na elimu atakuua huku akikuonea huruma. Sifa hizi hazina budi kukutana kwa mtu mmoja.

Tuanze na elimu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayejitia utabibu hali hajulikani kwa utabibu, yeye ni mdhamini wa madhara atakayoyaleta. Kwa hiyo kuuliza kama mtu ameandikishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika si utovu wa adabu. Lakini cheti hutundikwa ukutani, na wewe mgonjwa wataka kujua kama elimu ile yafika mwilini mwako. Hata asiyesoma aweza kulijua hilo kwa kuangalia matendo.

Maradhi ya sukari hayaishii kwenye tone la damu ya kidole. Hushambulia macho, figo, moyo na miguu, tena kimyakimya. Tabibu anayeijua kazi yake atakupima presha. Atataka mkojo wako ili ajue hali ya figo. Atakupeleka ukapimwe macho, walau mara moja kwa mwaka. Pakiwa na nafasi, atakupima kile kipimo kionyeshacho wastani wa sukari ya miezi mitatu, maana sukari ya asubuhi moja yaweza kudanganya. Na atakuambia uvue viatu. Hili la viatu ulishike sana. Wakulima wetu wa bonde la Rufiji huingia shamba la mpunga miguu mitupu. Mwenye sukari mguu wake hufa ganzi, akachomwa na mwiba asihisi, kidonda kikaoza, na mwisho wake ni kukatwa mguu. Daktari aliyekutibu mwaka mzima asiutazame unyayo wako hata mara moja, kazi yake haijatimia, hata akiwa na jina kubwa namna gani.

Sifa ya pili ni uaminifu, nao una dalili zake. Mwaminifu hukwambia ukweli usioupenda. Na lililomshinda hakuoni haya kukwambia: "Hili ni juu ya uwezo wangu, nenda Mchukwi, au Tumbi, au Muhimbili." Watu wengi humdharau tabibu asemaye hivyo, na kumbe huyo ndiye wa kushikwa. Wanavyuoni wetu wakubwa nao hawakuona haya kusema "sijui".

Mwaminifu pia hakuahidi kupona kwa siku arubaini. Kabla ya mwaka 1922, mtoto aliyepatwa na sukari ile ya kuhitaji sindano hakuwa na matumaini, alikonda mpaka akafa. Mwaka huo, kule Toronto nchini Kanada, ndipo mgonjwa wa kwanza alipodungwa insulini, na tangu hapo Mwenyezi Mungu amejaalia watoto kama hao wakakua, wakaoa na kuolewa. Basi anayemwambia kijana wa namna hii aache sindano ashike chupa, amemrudisha kabla ya 1922. Hatusemi kila mti wa porini ni batili. Twasema usiache dawa ya hospitali kwa ajili yake, na usimfiche daktari unachokunywa.

Tena, elimu na uaminifu hujulikana zaidi pale tabibu anapouliza habari za nyumba yako. Mtu wa visiwani, Mbwera au Kiongoroni, akiambiwa ale vyakula ambavyo havikupata kufika kwake kwa mashua, ameambiwa maneno matupu. Daktari mzuri huuliza: Mwala nini? Muhogo? Wali wa nazi? Nani apikaye? Kisha hukuonyesha kiasi cha wali, na kwamba samaki na mboga viongezwe, na chai isitiwe sukari. Akijua huna jokofu, hukufundisha kuihifadhi insulini ndani ya mtungi wa udongo, mahali pa baridi pasipopigwa na jua. Na huuliza kama dawa waimudu, kwani dawa isiyonunulika haitibu.

Sasa turudi kwenye saumu, maana hapo ndipo Muislamu anapompima tabibu wake vizuri zaidi. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kuweza kulipa hutoa fidia kwa kulisha maskini. Lakini sukari si ya namna moja. Wako wanaofunga kwa salama baada ya kupangiwa dawa, na wako ambao kufunga kwaweza kuwaua. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari, pamoja na madaktari wanaoshughulikia Ramadhani, walitoa mwongozo mwaka 2016 na kuupitia upya mwaka 2021. Humo mmeelezwa kwamba mgonjwa aonane na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi, apimwe hatari yake, na dawa za daku na futari zipangwe upya. Akifunga, ajipime mchana, na kutoboa kidole hakufunguzi. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipanda juu ya 16.6 (yaani 70 na 300 kwa mashine zihesabuzo kwa miligramu), afungue papo hapo. Basi anayewaambia wagonjwa wote wasifunge, na anayewaambia wote wafunge, wawili hao hawajakupima. Anayekufaa ni yule anayekutazama wewe kwanza ndipo akasema.

Na wako waulizao: daktari akiwa si Muislamu? Wanavyuoni wamehitilafiana juu ya kutegemea neno lake katika saumu. Wengi wa Kishafii wamesharutisha tabibu Muislamu mwadilifu, na wengine wakamkubali asiye Muislamu akiwa mjuzi asiyejulikana kwa uwongo. Ama katika kutibiwa tu, kumbuka kwamba Mtume (S.A.W.) na Abubakar katika Hijra walimkodi kiongozi wa njia aliyekuwa bado katika dini ya Makureshi, wakamkabidhi roho zao kwa kuwa aliijua njia na aliaminika. Sisi watu wa delta twalielewa hili. Ukivuka mito ya mikoko usiku, wamtaka nahodha ayajuaye maji.

Huenda ukasema: haya yote ni mema, lakini bingwa yuko Dar es Salaam na mimi niko Kibiti, nauli sina. Neno langu ni hili. Bingwa asiyekuona ila mara moja kwa miaka mitatu hakushindii tabibu wa kituo cha karibu akuonaye kila mwezi na kukuandikia kwenye kadi. Shikamana na huyu wa karibu, na bingwa mwendee anapokuelekeza yeye, ukiwa na kadi yako mkononi.

Mwisho, nawe una haki juu yako. Mficha maradhi kifo humuumbua. Ukimwambia daktari umekunywa dawa hali hukunywa, umemfanya mjuzi kuwa kipofu. Usimhame kwa sababu amekukemea kuhusu soda. Mhame akikataa kuulizwa, asipokupima, au akikuuzia ahadi. Mwili ni amana, na siku ya kuulizwa juu yake hatutaweza kusema kwamba tulimkabidhi mtu tusiyemchunguza.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape wagonjwa wetu shifaa, na matabibu wetu elimu na uaminifu. Amin. Wabillahi tawfiq.