Haki ya Kuachwa na Haki ya Kupewa

Haki za mtu ni za namna mbili. Iko haki ya kuachwa salama: usipigwe, usifungwe bure, usinyang'anywe mali yako. Iko na haki ya kupewa: mtoto apewe masomo, mgonjwa apewe dawa. Ya kwanza yaizuia serikali mkono. Ya pili yaiomba inyoshe mkono. Basi wengi husema: «Ya kwanza haina gharama, ya pili ingoje mpaka hazina ijae.» Je, wasema kweli?

Tutazame Katiba ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 18 chaamuru kwamba polisi wasimzuie mtu kupita saa 48. Kisha aachiliwe, ama akabidhiwe kwa wenye mamlaka ya hukumu. Hiyo ni haki ya kuachwa. Lakini ikiwa mahakama iko mbali mwendo wa siku tatu, wala polisi hawana gari, mtu yule atalala kizuizini juma zima, ijapokuwa hakuna anayemchukia. Kumbe, hata kuachwa kwataka mwamuzi, njia na mshahara.

Kifungu cha 43 chaahidi kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima, tena ni ya bure. Hata hivyo wazazi waliendelea kulipa miaka mingi, maana mishahara ya walimu haikutosha. Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kuitimiza ahadi ile nchini kote. Watoto wakaja kwa wingi, madarasa yakajaa. Walakini walimu wengi walifundisha pasipo kulipwa na serikali. Mtoto alipata haki yake, lakini deni lilihamia katika chungu cha mwalimu.

Je, ahadi ilikuwa mbaya? Hapana. Ubaya ni kuahidi pasipo kumtaja mlipaji. Kwani serikali isipolipa, hulipa mnyonge.

Hata hivyo tusichanganye mambo. Serikali maskini yaweza kusema kwa haki: «Mwaka huu tutajenga shule kumi, si mia.» Lakini haiwezi kusema: «Mwaka huu tutapiga watu kidogo tu.» Umaskini waweza kuchelewesha kutoa, hauruhusu kamwe kudhulumu.

Basi, ndugu msomaji, ukisikia haki mpya ikitangazwa, ifurahie, kisha uulize: «Nani atalipa, na lini?» Ahadi ni deni.