Unyenyekevu au Woga?

Kijana wa kwetu aliyevuka bahari kwenda kusoma katika chuo kikuu cha Marekani aweza siku moja kuandikiwa kwamba, kwa kuwa alama zake ni njema, anakaribishwa kuomba nafasi katika masomo ya heshima. Jina hili lisitupoteze. Hatusemi juu ya ile shahada ya heshima wanayotunukiwa wakuu wa nchi na watu mashuhuri pasipo kukaa darasani. Haya ni masomo halisi, yaliyotengwa kwa wanafunzi hodari: darasa ni dogo, vitabu ni vingi, mijadala ni mirefu, na mwishoni mara nyingi mwanafunzi hudaiwa tasnifu iliyotokana na utafiti wake mwenyewe. Anayetaka kuingia huandika ombi na kueleza nia yake. Naye akiisha kuingia, alama zake zikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, aweza kuondolewa.

Je, aombe au asiombe? Wengine watasema hilo ni jambo dogo la mtu binafsi, lisilostahili nafasi katika ukurasa huu. Sisi twaona sivyo. Swali hilihili humkabili msichana aliyefaulu vizuri kidato cha sita, anayesita kuandika udaktari katika fomu yake ya chuo. Humkabili pia katekista aliyeitwa kwenda kozi ndefu, naye akaona ile fupi yamtosha. Ni swali la dhamiri: mtu afanye nini na kipawa alichopewa?

Tuwasikilize kwanza wanaomshauri kijana huyu. Mzazi humwandikia kutoka nyumbani: "Omba, mwanangu, jina letu litukuke." Moyo wake nao humnong'oneza: "Mimi ni nani hata nijitembeze mbele ya wakubwa? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na nikikataliwa, nitauficha wapi uso wangu?" Shauri la kwanza laonekana kuwa la majivuno, na la pili kuwa la unyenyekevu. Lakini tukiyapima vema, yote mawili yauliza jambo moja tu: watu watanionaje?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika kitabu chake kikuu cha teolojia, aliyaweka makosa haya karibu karibu. Anayejitwika mambo yaliyo juu ya uwezo wake hukosa. Anayetafuta sifa tupu hukosa. Naye anayeyakimbia mambo yaliyo sawa na uwezo wake hukosa vilevile, na kosa lake ni unyonge wa moyo. Mfano wake ni yule mtumishi wa Injili aliyeifukia ardhini fedha ya bwana wake kwa sababu ya hofu. Mtumishi yule hakuiba wala hakutapanya. Fedha aliirudisha kamili, na hata hivyo alihukumiwa. Tena Tomaso anaongeza neno la kutushtua: unyonge wa moyo waweza hata kuzaliwa na kiburi, pale mtu anaposhikilia mno maoni yake mwenyewe kwamba hawezi, hali anaweza.

Neno hilo latufungulia mlango. Asemaye "siwezi" kabla ya kupimwa amejifanya hakimu katika kesi yake mwenyewe. Aombaye, kinyume chake, hujiweka mizanini na kuwaachia wengine wausome uzito wake. Basi mnyenyekevu ni yupi kati ya hao wawili? Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuomba ndiko kuinama.

Lakini mtu aweza kupimwa akaonekana amepungua. Ndiyo, na jambo hilo lamwumiza kijana kweli kweli, tusilifanyie mzaha. John Henry Newman alikuwa na umri wa miaka 19 alipofanya mtihani wa mwisho katika Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1820. Wote walitazamia apate daraja la kwanza la heshima. Alikuwa amesoma hata akachoka, na matokeo yakawa ya chini sana. Asingalilaumiwa na mtu kama angalijificha. Lakini mwaka 1822 alijitokeza tena kushindania nafasi ya ualimu katika chuo cha Oriel, hapohapo Oxford, akachaguliwa. Mtu huyo Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2019, na Mwalimu wa Kanisa mwaka 2025. Aibu ya mwaka 1820 haikumwua.

Je, twasema basi kila mwenye akili ni lazima aombe? La, hasha. Katika vyuo vikuu vya kale vya Uskoti shahada ya kawaida huchukua miaka 3, na ile ya heshima miaka 4. Hayati Mwalimu Julius Nyerere alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kuanzia mwaka 1949, na mwezi Julai 1952 alitoka na shahada ya kawaida. Alikuwa amesoma kwa upana: uchumi, historia, sheria ya katiba, falsafa ya maadili. Alirudi nyumbani akafundisha Pugu, na mwaka 1961 aliiongoza Tanganyika kupata uhuru. Ukawaida wa shahada ile haukuipunguza kazi yake hata kidogo. Yupo anayeiacha njia ndefu kwa sababu kazi yamngoja, au kwa sababu chuo chadai ada ya ziada ambayo ingemtoa mdogo wake shuleni. Huyo hakuifukia talanta. Ameitia katika biashara nyingine.

Kwa hiyo twampa kijana wetu maswali matatu ya kujiuliza mbele ya Mungu, wala si mbele ya majirani. La kwanza: kama jina la heshima lingefutwa na masomo yakabaki vilevile, je, ungeyataka? Ukijibu hapana, ulichokitaka ni sifa. La pili: kama ungehakikishiwa kwamba ukikataliwa hakuna atakayejua, je, ungeomba? Ukijibu ndiyo, kinachokuzuia ni woga, usiuite unyenyekevu. La tatu: ni nani atakayefaidika na elimu yako, na ni nani atakayenyimwa haki yake kwa ajili yake? Wajibu wa kweli ukikuzuia, baki kwa amani. Usipokuzuia, chukua kalamu uandike.

Nanyi wazazi, msiwasukume watoto wenu kwa ajili ya jina la ukoo, wala msiwacheke wanaporudi mikono mitupu. Nyumba inayomcheka aliyejaribu huwafundisha wadogo zake kufukia fedha ardhini. Aliyekubaliwa ashukuru, na akumbuke kwamba mkopo umeongezwa. Aliyekataliwa naye ashukuru, maana amepimwa kwa haki, na kipawa chake bado kiko mikononi mwake chatafuta kazi. Bwana atakaporudi hatauliza darasa letu liliitwaje. Atauliza tulichofanya na alivyotukabidhi.